Kipima oksijeni cha kidoleni: kizuri, ila kwa sepsisi hakitoshi

Kwenye ambulansi vipima hivi vya betri mbili, vinavyopatikana maduka ya vifaa tiba Kariakoo, vinafaa. Tatizo ni kuviamini peke yake kwa mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yanapoufanya mwili ujidhuru wenyewe. Presha ikishuka, damu hupungua vidoleni. Skrini inabaki na vistari au namba zinarukaruka. Pasha mkono joto, futa rangi ya kucha, penye piko jaribu kidole kingine, ngoja namba ya mapigo kwenye skrini itulie. Vingi havihesabu pumzi, na hapo ndipo sepsisi hupita bila kuonekana: hesabu mwenyewe dakika nzima. Dalili za kuangalia ni tatu: pumzi 22 au zaidi, namba ya juu ya presha 100 au chini, mgonjwa kuchanganyikiwa. Yakitimia mawili na maambukizi yanashukiwa, pigieni hospitali simu kabla ya kukwama foleni ya Ubungo. Oksijeni 97 isikutulize. Betri za akiba ni lazima.