Chati ya wanyama ya buku tano, shorewanda sawa ila swala siye

Juzi nimenunua chati ya ukutani ya wanyama na ndege kwenye duka moja la stesheneri hapa Mtwara mjini, elfu tano, ya binti yangu yuko darasa la sita. Karatasi iko poa, imepigwa nailoni hata ukiishika na mkono wa mafuta ya samaki unafuta tu, hapo sina neno.

Shida ni pale walipomlinganisha ndege mwimbaji na swala. Ndege wamemweka shorewanda, huyu huyu anayetumalizia mapapai nyumbani, kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, na wamempatia kabisa, ngeli ya ndege, oda ya Passeriformes yaani kundi moja na shomoro, vidole vitatu mbele kimoja nyuma, na kwenye uhifadhi hana wasiwasi. Sawa.

Sasa njoo kwa swala. Wameandika swala tomi, mamalia, familia moja na ng'ombe na mbuzi, mpaka hapo freshi, ila picha ni ya swala pala jamani! Binti ndo kashtuka wa kwanza, "Baba, mbona huyu hana ule mstari mpana mweusi ubavuni?" Kweli hana. Sisi wote tunawaita swala ila kisayansi pala yuko jenasi ya Aepyceros na tomi yuko Eudorcas, chati yenyewe bado imeng'ang'ania jina lake la jenasi la zamani, Gazella. Halafu wamempaka rangi nyekundu eti yuko hatarini kutoweka, wakati IUCN, shirika la uhifadhi duniani, 2018 walimweka kundi lile lile la shorewanda la wasio na wasiwasi, ingawa idadi yake inashuka. Mtoto akijaza hivyo kwenye mtihani si kaumia?

Na hilo jina tomi ni la Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti, ambaye 1881 alitumwa na Sultani Bargash wa Zanzibar huku kwetu mto Ruvuma kutafuta makaa ya mawe, sasa chati inauzwa Mtwara wangeweka hata kasentensi kamoja basi.

Nikairudisha dukani, kijana ananiambia "mzee si wote swala tu hao, mbona walimu wananunua". Kanirudishia buku moja yakaisha. Binti kakata "tomi" kwa makapeni kaandika "pala", imebandikwa sebuleni. Nyota tatu, mbili za karatasi, moja ya shorewanda.