Jioni za mazungumzo na waandishi hapa Dar: uzoefu wangu

Kwa muda sasa nimekuwa nikihudhuria mazungumzo ya wazi na waandishi yanayofanyika Jumamosi jioni katika ukumbi mmoja mdogo huko Upanga. Ndugu na marafiki wananiuliza kuna nini hasa hata niache shughuli zangu za wikiendi, kwa hiyo naandika hapa mara moja, ili atakayetaka asome. Jibu fupi: nendeni. Ila mjue kwamba uzuri wa jioni hizi hautoki jukwaani peke yake. Unaanza pale maiki inaposhuka kwa watu waliokaa kwenye viti. Jioni zilizoharibika, karibu zote ziliharibika kwa sababu muda huo ulimegwa.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Milango inafunguliwa saa kumi. Mwandishi mmoja, pengine wawili, wanakaa na mwendesha mazungumzo, mwandishi anasoma kurasa chache za kitabu chake, wanazungumza kwa saa moja hivi, halafu maswali. Mada zinazunguka mambo manne: utambulisho wa mtu, jamii, mazingira na imani. Kiingilio hakuna. Vitabu vinauzwa mezani mlangoni; vingi nilivyonunua vilikuwa kati ya Sh 15,000 na Sh 30,000, na mwandishi anakusainia bila haraka, anakuuliza jina na mnazungumza kidogo. Nje kuna kahawa na kashata. Magharibi ikiadhiniwa wanasimamisha, wanaoswali wanakwenda kuswali, wengine wananyoosha miguu, kisha mnaendelea. Hilo nimelipenda sana. Mahali pengine utaona watu wanatoka mmoja mmoja kwa kunyata na hawarudi, wakati hapa mapumziko yamo kwenye ratiba tangu mwanzo.

Jioni iliyonifanya niandike ilikuwa ya mada ya mazingira, katikati ya masika. Eneo la Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi, lilikuwa limejaa maji, mabasi ya mwendokasi yamesitishwa, Barabara ya Morogoro imefungwa pale bondeni. Wengi tulifika tumelowa na tumechelewa. Mwandishi alikuwa dada wa makamo aliyeandika riwaya fupi kuhusu familia inayoishi kando ya mto. Akaweka karatasi zake pembeni, akasema hawezi kusoma sura aliyoiandaa wakati mto wenyewe umewazuia watu kuja kumsikiliza. Akaanza kuueleza Msimbazi: unatokea vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unalikata jiji katikati, unaingia baharini karibu na daraja la Selander, penye mikoko. Huko juu misitu imekatwa kwa mkaa na kwa viwanja, kwa hiyo mvua ikinyesha ardhi haiyashiki maji. Yanashuka kwa kasi yakiwa na mchanga na takataka za mitaa yote yanakopita. Huku chini bonde limejengwa na mkondo umejaa mchanga. Maji yakikosa mahali pa kutulia yanapanda barabarani na kuingia ndani ya nyumba. Hakuzungumza kama mtaalamu anayetoa mada. Alizungumza kama mtu aliyeutembea mto ule kwa miguu kabla ya kuuandika, na alisema ndivyo alivyofanya.

Hapo mama mmoja aliyekaa viti vya nyuma akaomba maiki.

“Shikamoo mama,” mwandishi akamwamkia.

“Marahaba mwanangu. Mimi nimezaliwa bondeni, nimeolewa bondeni, watoto wangu nimewazalia bondeni.”

Akaeleza kwamba mafuriko ya Desemba 2011 yaliondoka na nyumba yake, na familia yake ikawa miongoni mwa zilizohamishiwa Mabwepande. Halafu akasema lililomleta. “Kitabu chako nimesomewa na mjukuu wangu, kizuri. Lakini mto umeuandika kama adui. Sisi mto umetulisha. Tumelima mchicha na matembele pale, tumeuza, tumesomesha. Mpaka leo nikiulizwa kwetu ni wapi, nasema bondeni, na bondeni kwenyewe siruhusiwi kurudi. Sasa mimi niseme ni mtu wa wapi?”

Nimehudhuria semina nyingi kuhusu utambulisho, zenye wasomi na maneno mazito. Sijawahi kusikia swali hilo likiulizwa vizuri kuliko pale.

Mwandishi hakukimbilia kujibu. Akamuuliza maswali yeye: walikuwa wanajuaje kwamba mvua ya mwaka huu ni mbaya? Mama akataja rangi ya maji yanapobadilika, akataja vyura, akataja mzee mmoja wa mtaani kwao, sasa marehemu, aliyewakataza watu kujenga kupita mkuyu fulani. Chini ya mkuyu ule wazee wa zamani walikuwa wakifanya tambiko. Mzee alipofariki watu wakajenga, na nyumba zile ndizo zilizotangulia kuondoka.

Kijana mmoja wa mbele akasimama, kwa adabu lakini kwa uhakika, akasema habari za tambiko na mikuyu ni ushirikina, na ukumbi usizipambe. Ukumbi ukaanza kuchangamka. Mama akaomba maiki tena. “Mwanangu, mimi ni Mwislamu, swala tano. Sikuuabudu mti. Nilichofanya ni kutojenga pale nilipokatazwa, na nyumba yangu ilidumu miaka mingi kuliko za jirani.” Kijana akatafakari, akauliza swali la pili ambalo lilikuwa zuri zaidi ya la kwanza: je, inawezekana kulinda mahali bila kupafanya patakatifu, au watu hawaheshimu mpaka waogope? Tukazungumza juu ya hilo mpaka adhana. Baada ya mapumziko tukarudi hapohapo, na watu waliokuwa kimya tangu mwanzo wakaanza kusimama: fundi wa ujenzi, mwalimu wa sekondari, dada anayeuza samaki Feri. Mwandishi alikuwa akiandika kwenye daftari muda wote. Mwishoni akamwambia mama kwamba akipata nafasi ya kukitoa tena kitabu, ataiangalia upya sura ya mafuriko. Nilimwamini.

Kwa hiyo mada nne zote za ratiba zilipita katika swali la mtu mmoja: yeye ni nani, jamii imemfanyia nini, mto, na imani. Hakuna mwendesha mazungumzo ambaye angeweza kulipanga.

Naona fahari kwamba jambo hili linatokea Dar, kwa sababu lina asili hapa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 hapahapa Dar, lilikuwa na ukurasa wa mashairi ambapo washairi waliulizana na kujibizana. Aliyetunga alijua kabisa kwamba shairi lake halitabaki bila jibu, pengine jibu kali. Na meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili, mwaka 1960, alikuwa mshairi: Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye miaka sita nyuma alikuwa ametoa kitabu cha kufundisha sheria za kutunga. Mwandishi wa riwaya hakuwahi kupata ukurasa kama ule wa washairi. Anaandika peke yake, kitabu kinatoka, kinakaa dukani, na kama ana bahati kinaingia kwenye mtaala. Wengi wetu tulikutana na riwaya kwa mara ya kwanza kama karatasi ya mtihani: taja wahusika, eleza dhamira, jadili fani na maudhui. Nadhani ndiyo maana watu wazima wengi wakimaliza shule hawashiki riwaya tena. Katika ukumbi ule nimeona watu wakikiongelea kitabu kwa sababu kimewagusa au kimewaudhi, na mwenye kitabu yupo mbele yao.

Jioni moja ya mada ya utambulisho, mwendesha mazungumzo alimkumbuka Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyekamilisha riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki, nakala zikiwa hazijamfikia mikononi. Miaka thelathini na mitano ya kusubiri, na hakupata hata jioni moja ya kusikia msomaji akimwambia “hapa umenigusa” au “hapa nakataa.” Nilipolisikia hilo niliumia kweli. Tangu siku hiyo, mwandishi akiwa hai na yuko Dar, najitahidi niwepo.

Jioni ya malezi nayo ilikuwa nzuri, ingawa fupi. Ilitajwa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, iliyopigwa marufuku shuleni na baadaye ikarudishwa kama kitabu cha kusomwa na wanafunzi. Binti mmoja wa chuo akauliza wazee waliokuwepo: walikuwa wanawakinga mabinti na kitabu, au walikuwa wanajikinga wao na maswali ya mabinti? Baba mmoja alijibu kwa unyofu sana. Sitayaandika aliyosema kwa sababu yalikuwa ya nyumbani kwake, lakini binti alimshukuru.

Sasa kasoro, na zipo.

Kubwa ni hotuba. Kuna jioni alialikwa mgeni rasmi, akafuatiwa na wa pili wa kumshukuru wa kwanza, kisha utambulisho wa meza kuu, picha ya pamoja, salamu za wadhamini. Mwandishi alipoanza kusoma jua lilikuwa linazama. Maswali yakawa matatu, na mawili kati ya hayo yalichukuliwa na watu wa mstari wa mbele waliotaka kutoa maoni yao marefu. Nilikuwa nimekisoma kitabu chote, na sikuwa peke yangu. Mwandishi alikuwa ametoka mbali. Ule ni uonevu kwake na kwetu.

Ya pili ni waendesha mazungumzo wasiosoma. Utawajua kwa swali la “nini kilikusukuma kuandika kitabu hiki,” likifuatiwa na “una ushauri gani kwa vijana.” Mwandishi anatoa majibu aliyoyatoa mahali pengine mara nyingi, na ukumbi unaanza kuangalia simu. Mwendeshaji aliyesoma anafungua ukurasa na kuuliza kwa nini huyu mtu hakurudi kwao, kwa nini umemuua mapema. Mwandishi anakaa sawa kwenye kiti, na sisi pia.

Tatu, lugha. Jioni moja wazungumzaji wote wawili walikuwa wanaishi nje, na mazungumzo yakaenda kwa Kiingereza karibu yote. Mzee aliyekaa karibu yangu, ambaye alikuwa amenunua kitabu cha Kiswahili mlangoni, alivumilia nusu saa, akaaga kwa mkono na kuondoka. Mama wa bondeni asingeuliza swali lake siku hiyo. Mwandishi akiwa hajui Kiswahili, awekwe mkalimani, jambo hilo limeshafanyika pale na likaenda vizuri.

Mengine ni madogo: maiki moja inayokatika, feni zinazopiga kelele kuliko upepo wake, nakala za vitabu zinazoisha mapema. Usafiri nao si mdogo kwa wanaokaa mbali. Ikifika saa moja na nusu usiku utaona akina dada wanaokwenda Chanika na Mbagala wanaanza kukusanya mikoba, hata mjadala ukiwa umekolea. Kuanza saa nane kungewasaidia.

Ushauri wangu kwa anayetaka kwenda ni asome kabla, hata sura mbili. Kitabu kikikosekana mlangoni, pita duka la vitabu la TPH pale Samora mapema wiki hiyo, mara nyingi wanavyo vya Kiswahili vya waandishi wa hapa. Mpeleke mzazi wako kama anaweza kutembea, na umwachie yeye maiki. Na ukumbi huu usiwe wa pekee kwako: angalia pia matangazo ya mkahawa wa vitabu wa Soma na kituo cha sanaa cha Nafasi kule Mikocheni, na ya vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani hapo Upanga, maana shughuli za waandishi hupita huko pia.

Waandaaji nao wanisikilize kwa moja. Tuna Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Ni jengo la umma, liko katikati ya njia za daladala, na vitabu viko humohumo. Jioni kama ile ya masika ilistahili watu mara kumi ya waliokuwepo.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka akiba mpaka waandaaji wapeleke mazungumzo haya Mbagala au Gongo la Mboto, Jumapili mchana, kwa Kiswahili, bila mgeni rasmi, na maiki ianzie viti vya nyuma.