Nusu siku Muscat ya kale: Oman ni mshirika wa kutegemewa?

Mtoto wa dada yangu anaishi Seeb, mji wa jirani na Muscat, na nilipokwenda kumtazama alinilipia zawadi: matembezi ya nusu siku Muscat ya kale, yanayoongozwa kwa Kiswahili. Rial 18 kwa mtu, gari na kahawa humo humo. Kwenye tangazo lao wameahidi kwamba mgeni atarudi akijua kwa nini Oman ni rafiki wa kutegemewa na kila taifa. Mimi nimefundisha historia sekondari, Unguja, miaka 31. Ahadi kama ile siwezi kuisoma nikaipita. Nilikwenda na daftari.

Jina la kampuni silitaji kwa sababu nina malalamiko nayo, na kijana aliyetuongoza sitaki apate tabu kwa ajili yangu. Yeye kazi yake aliifanya kwa moyo.

Tulikuwa 6: mimi na mtoto wangu huyo, mume na mke kutoka Mombasa, binti wa chuo kutoka Dar es Salaam anayesomea diplomasia, na bwana mmoja wa Pemba ambaye hakusema neno mpaka kwenye halwa. Kijana alitukuta saa moja na nusu asubuhi ufukweni Mutrah, karibu na soko la samaki, kabla jua halijawa kali. Akanishikia mkono: "Shikamoo mwalimu." Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama yake, kitamu, cha Ng'ambo kabisa. Baba yake aliondoka Zanzibar 1964 akiwa mdogo, na familia ikaingia Muscat baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Ila Kiswahili cha jikoni kina mipaka yake. Alipofika kwenye mambo ya dola akawa anachota Kiarabu. Mkataba akauita ittifakia mara tano, tukauzoea.

Sehemu bora ya matembezi ni ile ambayo tangazo halikuitaja. Kutoka Mutrah gari linakupeleka dakika chache tu hadi Muscat yenyewe, ambako ngome mbili za Wareno, Jalali na Mirani, zimesimama juu ya majabali kila upande wa ghuba, na kasri la Al Alam lenye nguzo za buluu na dhahabu liko katikati. Pale kijana alituonyesha miamba ya bandarini. Ukikaza macho unaona herufi nyeupe, moja kubwa, ya pili imefifia, ya tatu haipo tena. Ni majina ya meli. Mabaharia wa kigeni waliotia nanga pale, wa manowari na wa biashara, walipanda kwenye jabali na rangi na brashi wakaandika jina la chombo chao. Hakuna aliyewafuta. Muda umepita juu yao wote sawasawa, adui na adui wako ukuta mmoja. Nilisimama pale mpaka mtoto wa dada akanivuta mkono.

Na hapo hapo, chini ya ile miamba, binti wa chuo akauliza lile tulilolipia. "Kaka, Marekani inaweza kuitegemea Oman? Vita ikitokea na Iran, Oman itapigana?"

Kijana hakuzungukazunguka. "Haitapigana. Na Wamarekani wanajua. Tuliwaambia zamani."

Nasema kweli, jibu hilo lilinipendeza kuliko hotuba yoyote ya urafiki niliyopata kuisikia. Kisha akalijengea hoja, na alijenga vizuri. Alianza na 1833, pale Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alipokuja Muscat na kutiliana saini na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, mkataba wa urafiki na biashara. Akatoa kwenye jalada la plastiki picha ya jahazi Al-Sultana, lililong'oa nanga Zanzibar na kufika New York mwaka 1840 likiongozwa na balozi Ahmad bin Na'aman, limebeba pembe za ndovu, karafuu, tende, kahawa, na farasi wawili wa zawadi kwa rais. Wamarekani walilikarabati jahazi lile bila malipo kabla halijarudi. Yule mama wa Mombasa akasema, "Ndiyo maana tunasema merikani!" Naam. Ile bafta isiyotiwa rangi aliyoivaa bibi yangu shambani ilichukua jina la nchi iliyotoka. Mkataba uliandikwa Muscat, lakini ushahidi wake ulikuwa kiunoni mwa watu wetu.

Kutoka hapo akaruka hadi zama zetu. Mwaka 1979 Misri ilipofanya amani na Israeli, nchi nyingi za Kiarabu zilikata uhusiano nayo, Oman haikukata. Juni 1980 ilikubaliana na Marekani watumie viwanja vyake vya ndege na bandari, na haikuficha. Vita vya kuikomboa Kuwait vilipokuja 1991, askari wa Oman walikuwemo. Lakini Saudi Arabia na wenzake walipoingia Yemen 2015, Oman ilikaa pembeni. Walipoifungia Qatar njia Juni 2017, mizigo ya Qatar ilipita Sohar na Salalah. Mwaka 2013 Wamarekani na Wairani walikuwa wakizungumza kwa siri, na mwenyeji wao alikuwa Muscat. Machi 2019 Wamarekani wakapewa ruhusa ya kutumia bandari ya Duqm na ya Salalah. Mei 2025 ni waziri wa mambo ya nje wa Oman, Badr Albusaidi, aliyetangaza kwamba Marekani na Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, wameacha kupigana.

Ukiyasikia yamepangwa hivyo, mfululizo, pale pale bandarini, unaona kitu ambacho magazeti hayakuonyeshi. Oman haikubadilika. Wengine ndio waliozunguka, leo hawa wanasusiana, kesho wanakumbatiana. Vita na waasi wa Dhofar, kusini mwa Oman, kwa mfano: Sultan alisaidiwa na Uingereza, Jordan, na majeshi ya Shah wa Iran. Shah alipoangushwa, Oman ilibaki na jirani yule yule ng'ambo ya mlango bahari wa Hormuz, akiwa na watawala wengine. Jirani hahamishwi. Wakazungumza na hao waliopo.

Kwa hiyo binti aliposema, "Basi huyo si mshirika, ni mtu wa kati tu," mimi ndiye niliyemjibu. Nilimwambia ushirika una namna zake. Kuna wa kukupigania na kuna wa kukupelekea salamu bila kuongeza chumvi, na huyu wa pili ni adimu kuliko bunduki. Anayeitaka Oman ipigane na Iran kwa ajili yake ataondoka amevunjika moyo na kosa litakuwa lake, kwa sababu hakuna aliyemuahidi. Anayetaka nyumba ambamo adui yake ataingia bila hofu, aisifu Oman mchana kweupe. Aprili 12, 2025 Wamarekani na Wairani walikutana tena Muscat juu ya nyuklia. Duru ya sita ilipangwa Juni 15, hapo hapo. Tarehe 13 Israeli ikaishambulia Iran, kikao kikafa. Mwenyeji anaweza kutandika jamvi. Kuwazuia watu wasichome nyumba nje ya mlango wake, hilo hana uwezo nalo, na hapo ndipo penye kikomo cha huduma yenyewe.

Hadi hapo ningeitolea kampuni hii alama zote.

Malalamiko yangu yanaanza tulipoingia Makumbusho ya Taifa, yanayotazamana na kasri. Jumba ni zuri mno, lilifunguliwa 2016, na maelezo yake yana hata nukta nundu za Kiarabu kwa wasioona, jambo nililoligusa kwa vidole kwa heshima. (Tiketi ya makumbusho haimo kwenye zile rial 18. Hawasemi mpaka ufike mlangoni. Wabadilishe.) Katika ukumbi wa historia ya bahari na ule wa Oman na Dunia, kijana alikuwa na muda wa kutosha kwa kila taifa. Kwa Afrika Mashariki alitupa dakika 3. Nilitazama saa. "Na huku tulikuwa ndugu," akasema, akapita.

Bwana wa Mombasa akamsimamisha, kwa upole lakini akamsimamisha. "Mwanangu, Fort Jesus mbona umeiruka?"

Na ni kweli ameiruka, na ndilo jambo kubwa kuliko yote kwa mtu anayeuliza juu ya mshirika. Watu wa pwani walipochoka na Mreno walimwomba Imamu wa Oman awasaidie. Akasaidia. Ngome hiyo ya Mreno pale Mombasa ilizingirwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na ndani walikufa kwa njaa na maradhi. Mreno akaondoka. Aliyeitwa kusaidia hakuondoka. Waliobaki Mombasa walikuja kuwa watawala, kina Mazrui, kisha Al Busaidi, ukoo wa Sayyid Said, wakaja kuwatoa na hao mwaka 1837. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Pale mwenyeji alipona ugonjwa wa Mreno, akaugua mwingine. Huwezi kuniambia Oman ni rafiki wa kutegemewa na kila taifa ukaliruka hilo, wakati wanaokusikiliza wametoka Mombasa na Unguja.

Wala si hilo tu. Zile pembe alizozionyesha kwenye picha ya Al-Sultana zilifika pwani juu ya mabega ya watu, na wengi wao hawakuwa huru. Merikani ile ile iliyotuchekesha ilipelekwa bara kununulia pembe na binadamu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, Sultani Sayyid Barghash akitia saini chini ya mizinga ya Waingereza. Kijana hakulitaja hata kwa neno moja. Sikumkasirikia, niliona anaogopa kutuudhi. Lakini mimi nimesimama mbele ya watoto wa kidato cha pili, wengine mababu zao waliuza na wengine waliuzwa, kwenye dawati moja, na tulilisema. Linasemeka. Mtu mzima aliyelipa hela yake anaweza kulisikia pia.

Nikamwongezea na upande wa pili, maana haki ni haki. Oman nayo ilikuwa na mshirika. Makubaliano yake ya kwanza na Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya Hindi ni ya 1798, na yale yaliyofuata 1800 yaliapa kwamba urafiki hautatikisika mpaka jua na mwezi vikome kuzunguka. Sayyid Said akafa 1856, wanawe Thuwaini na Majid wakagombana, na 1861 ni huyo huyo rafiki, gavana wa India, Canning, aliyeipasua dola mapande mawili, Muscat huku na Zanzibar kule, Zanzibar ikiamriwa iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Mwaka 1896 manowari zake zikalipiga kasri la Zanzibar kwa muda usiofika saa moja. Ningekuwa mimi ndiye ninayeongoza matembezi haya, ningeliuliza swali la binti kwa kuligeuza: nchi ndogo imtegemee nani? Nadhani ndipo ilipotoka tabia ya Muscat ya leo ya kutokuwa na adui, tena tabia ya mtu aliyewahi kuchapwa na rafiki. Hii ni rai yangu, siyo ya makumbusho.

Kijana alinisikiliza amekunja mikono, kisha akaomba kalamu.

Tulimalizia sokoni Mutrah, kahawa chungu na halwa ya moto yenye zafarani. Hapo ndipo bwana wa Pemba aliposema halwa ya Wete ni nzito zaidi, na tukakubaliana naye wote ili kuwe na amani. Viti vilikuwa vichache. Wazee tulikaa, wengine wakasimama na rial 18 zao wamelipa. Gari lilikuwa safi na baridi ya kutosha. Viatu vaeni vya kufunga, njia ya kuelekea ngome ina changarawe. Makumbusho yanataka saa mbili na wao wanatoa dakika 50, kwa hiyo rudini siku nyingine peke yenu.

Kama unataka kuijua Oman inayozungumza na Washington asubuhi na Tehran jioni bila kubadilisha maneno, nenda, na mwombe huyu kijana, si mwenzake anayesoma kwenye karatasi. Kama wewe ni wa pwani ya Afrika, nenda vilevile, ila muulize yale yaliyorukwa, na muulize mapema, mkiwa bado miambani.

Usiku ule nilimwandikia ukurasa mzima juu ya 1696, nikamtumia kwa simu. Wiki moja baadaye akanitumia sauti: amewachukua wageni wa Tanga, ameanzia na Mombasa, wamekaa chini ya majina ya meli nusu saa nzima wakibishana, na ofisini wamemuuliza kwa nini amechelewa. Anataka nimwandikie na 1873. Naiandika leo.