Trekta na blade kwa njia ya nyumbani, Pongwe hadi Muheza: wazuri kwa majani, wachunge kwenye maji

Hawa wenye trekta la kukodi, wanachouza ni trekta la nguvu za farasi 80 hivi, blade ya nyuma ya futi 7, na dereva. Wanachonga njia inayotoka barabara ya kijiji mpaka mlangoni kwako, ili masika yakikolea gari la wagonjwa lisiishie kwenye mwembe wa jirani. Pande za Pongwe, Mkanyageni na Muheza kazi ya namna hii inahitajika sana, kwa kuwa nyumba nyingi ziko mita mia moja mpaka mia tatu ndani, na njia yenyewe ilianza kama ya baiskeli.

Kwanza wanachostahili kusifiwa. Greda halitembei lenyewe kutoka mjini, linabebwa na lobedi (lori la kubebea mitambo), na lobedi unailipia kwenda na kurudi hata kazi ikiwa ya saa moja. Kukodi greda kwa njia ya mita 150 ni kuchinja ng'ombe kwa supu ya mtu mmoja. Trekta linakuja kwa magurudumu yake, linahesabiwa kwa saa, linapita kwenye geti la mita 3, na majirani wanne wakikubaliana siku moja gharama ya kulileta inagawanyika. Kufyeka majani, kusawazisha matuta, kuondoa visiki vidogo: hapo hawana mpinzani.

Tatizo ni maji. Dereva akiachwa peke yake hufanya alichozoea shambani, anashusha blade katikati ya njia na kusukuma udongo pembeni. Njia inatoka imenyooka, inapendeza hata kupigwa picha. Mvua kubwa ya kwanza inaigeuza mtumbwi: kingo ziko juu, katikati chini, maji hayana pa kutokea, yanafuata alama za matairi mpaka yanazichimba. Mwezi wa nne Land Cruiser ya kituo cha afya inakaa hapo kwa tumbo.

Mwambie afanye kinyume. Blade igeuzwe pembe ya digrii 30 hivi, aanzie ukingoni, udongo uvutwe kuja katikati, mizunguko mitatu kila upande. Mkono wa kulia wa kunyanyulia blade una mpini wa kuzungusha. Ukizungushwa, kona moja ya blade inashuka na inachimba mtaro wakati ile nyingine inapandisha mgongo, yaani katikati ya njia palipoinuka. Madereva wengi hawaugusi mpini huo, na wengine umeshika kutu kabisa. Ukague kabla hawajaanza kuhesabu saa. Kwa njia ya upana wa mita 3.5, mgongo uwe juu ya kingo kwa sentimita 10 baada ya kushindiliwa, kwa hiyo udongo ukiwa bado mlegevu uache 13 au 14. Kamba na pima maji vinatosha kuhakikisha.

Kosa la pili ni kuvuta mizizi na majani yaliyoko kingoni na kuyafukia njiani. Yanaoza, yananyonya maji, na mahali hapo panakuwa kama godoro. Majani yatolewe kwanza, yatupwe nje, ndipo udongo uvutwe. Ua wa minyaa ukatwe kwa panga na mtu aliyevaa miwani, usikwanguliwe kwa blade. Utomvu wake ukiingia jichoni, mgonjwa wa kwanza atakuwa dereva.

Wakati nao una maana. Mwishoni mwa Februari udongo mwekundu umekauka kama tofali, na blade ya trekta ni nyepesi, inateleza juu tu. Hapo wapitishe haro ya kuvunja udongo kwanza, na boza la maji liwepo. Nafuu ni kuwaita mwanzoni mwa Januari, vuli ikiwa imekatika lakini unyevu bado upo. Finya udongo kiganjani: ukishikana bila kulowesha mkono, piga kazi. Ukiacha tope kwenye vidole, warudishe nyumbani.

Kwenye njia za mchanga, upande wa barabara ya Pangani, blade peke yake ni kupoteza pesa. Kule kinatakiwa kifusi cha moramu, udongo wa changarawe. Hesabu yake: mita 100 kwa 3.5 kwa unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 52.5 kikishashindiliwa. Ongeza robo kwa kulegea kwake na unafika 66 hivi, yaani tipa tano za mita za ujazo 15 kwa usalama. Moramu yenye mfinyanzi mwingi ikatae. Inanata kwenye kiatu leo, na masika inateleza kuliko udongo ulioufunika. Jamaa hawa hawana mtambo wa kushindilia, wanategemea tipa iliyojaa ipite juu. Inakubalika kwa tabaka la sentimita 10, kwa sharti dereva asogeze mstari wa matairi kila anapopita. Tabaka nene zaidi, kama hilo la 15, linahitaji roller.

Kalavati, bomba la kupitisha maji chini ya njia, usiwape kabisa. Wanachoweka ni bomba la plastiki la milimita 300 na udongo wa kiganja juu yake, linapasuka kwa tipa ya kwanza. Weka pete za zege za milimita 600 (ndogo zaidi zinaziba kwa makuti), zilalie mteremko wa asilimia 2 au 3, udongo wa juu usipungue sentimita 30, na kuta za mawe pande zote mbili ili maji yasichimbe ubavuni. Mtaro ukiwa wa barabara ya TARURA au TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, pata ruhusa yao kwanza.

Lawama kubwa zaidi ni kwamba hawarudi. Nchi za theluji, kama Marekani na Canada, mwenye nyumba ya shambani anaweza kuandikiana na mtu mwenye gari la kusukuma theluji kwa msimu mzima. Theluji ikianguka, anakuja. Kule wanajua pia kwamba gari la barabara kuu likipita linaacha tuta la theluji mdomoni mwa njia ya kila nyumba, na ambulensi hailivuki. Huku tuta hilo ni la udongo: greda la barabara ya kijiji likimaliza kazi yake linaziba mdomo wa njia yako na mtaro pamoja. Mkataba wa kuchonga mara moja haulijui jambo hilo. Dai safari ya pili iandikwe, baada ya mvua kubwa ya kwanza au baada ya greda kupita, lolote litakalotangulia. Kutoka kule azima pia desturi ya vijiti virefu kingoni. Vikipakwa chokaa, dereva anaona usiku mtaro ulipo hata maji yakiwa yameufunika.

Kuna wanayoyasahau kwa kuwa si ya udongo. Matawi yakatwe mpaka mita 4.2 juu, maana gari la zimamoto ni refu na lina upana wa mita 2.5 hivi. Mwisho wa njia pawe na nafasi ya kugeuzia ya umbo la T, mikono mirefu ya kutosha gari hilo. Namba ya anwani ya makazi irudiwe kwenye kibao pale njia panda, kwa sababu anayepiga 115 kwa ajili ya mjamzito, au 114 kwa moto, hana muda wa kueleza miembe.

Nyota tatu kati ya tano. Kabla ya kulipa, mwaga ndoo mbili za maji juu ya mgongo, sehemu tatu tofauti. Yakisimama au yakifuata njia badala ya kuingia mtaroni, trekta lisiondoke.