Kliniki ya macho Moshi: nesi na daktari wako vizuri, duka la miwani hapana

Nauza mitumba ya watoto Kiboriloni, na mwanangu wa mwisho amekulia juu ya belo. Tangu ana wiki tatu jicho lake la kushoto lilikuwa likitiririka machozi hata hajalia, na kila asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo. Mama mkwe akasema nimkamulie maziwa ya ziwa (nilimkamulia, msinicheke). Zahanati wakanipa dawa ya matone mara tatu. Inakauka, inarudi, mpaka ana miezi minane.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyenielekeza kliniki hii. Jina silitaji, maana lawama zipo.

Nesi alipomwangalia tu akaniuliza, "Mama Eli, hebu nione kucha zako." Ndefu, zina rangi. Akanipa mkasi nikazikata palepale. Kisha akaweka ncha ya kidole chake kidogo kwenye kona ya ndani ya jicho, akabonyeza na kushuka nacho ubavuni mwa pua. Ute wa njano ukajaa konani. Akaufuta kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, akasema mfereji wa machozi haujafunguka kule chini unakoingilia puani, ndiyo maana matone hayamalizi kitu. Nikande hivyo mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Watoto wengi, kama tisa kati ya kumi, hufunguka wenyewe kabla ya mwaka. Ila nikiona uvimbe mwekundu kando ya pua, au homa, nisingoje kesho.

Wangu akawa yule wa kumi. Alipofika miezi kumi na mitatu wakampiga nusu kaputi, wakapitisha kiwaya chembamba kwenye tundu la machozi. Sijamaliza hata kumpigia baba yake simu, wameshamtoa. Wiki iliyofuata jicho kavu.

Mimi ningeishia hapo. Daktari akakataa, akataka tumrudishe akiwa na mwaka na nusu apimwe nguvu ya macho. Nilijua wanatafuta hela, lakini nikaenda. Akamziba jicho la kushoto kwa kiganja: mtoto akaendelea kuchezea funguo zangu. Akamziba la kulia: akausukuma ule mkono, akalia, akaziachia funguo. Hapo hata mimi nilielewa. Wakamtia matone ya kupanua mboni, wakammulika na kubadilisha lenzi mbele ya jicho moja moja. La kushoto lilikuwa na tatizo la kuona karibu, tena kubwa kuliko mwenzake. Ubongo ulikuwa umeshachagua la kulia na kulisusa hili. Wao wanaita jicho vivu. Daktari alisema tofauti ya namna hii huonekana zaidi kwa watoto waliozaliwa na mfereji ulioziba, ndiyo maana hawaachi kupima hata machozi yakiisha. Akivuka miaka saba hivi, kulirudisha ni kazi ngumu.

Sasa duka lao la miwani. Waliniahidi wiki moja, ikawa nne. Fremu ni ya mtoto wa darasa la kwanza, inateleza mpaka mdomoni. Nimeishonea kamba ya mpira wa suruali mwenyewe. Foleni nayo, Jumatatu usijaribu. Nilifika saa moja nikaonwa saa saba, na faili lilipotea katikati.

Miwani anavaa mchana kutwa, na kila siku namziba jicho zuri kwa plasta kwa muda wa saa mbili. Mwanzoni alikuwa anaibandua kabla sijageuka. Siku hizi nikishaibandika namwagia rundo la soksi za mtumba atafute zinazofanana. Jana alipata jozi tatu, moja ya bluu na bluu iliyoiva, mimi mwenyewe nilidhani amekosea.

Mwezi ujao tunarudi kupimwa. Fremu naenda nayo mkononi, na kamba yake.