Kiungo cha trela cha kupandisha na kushusha: uzoefu wangu wa kuvuta farasi Mombasa

Kama unavuta trela ya farasi kwa pikapu na unatafuta kiungo, yaani chuma cha nyuma ya gari kinachoshika trela, nakushauri uchukue kile chenye bamba la matundu, ambacho mpira wake wa chuma unaweza kuupandisha au kuushusha, na kifungwe kwenye chasi kwa bolti. Ndicho ninachotumia kwenye Hilux ya milango minne, nikivuta trela ya farasi wawili kati ya Shanzu, Mtwapa na Diani, kwenye kazi ya kupandisha wageni ufukweni. Cha kuchomelewa sikitaki tena.

Jambo kubwa ni kimo. Trela nyingi za farasi zilizoundwa Ulaya zinategemea gari ambalo katikati ya mpira iko sentimita 35 hadi 42 kutoka chini. Pikapu zetu zimeinuka kuliko hapo. Ukiunga trela hiyo kwenye mpira uliokaa juu, pua inapanda na mkia unashuka. Mzigo wa mawe ungenyamaza, lakini farasi hanyamazi: anaegemea nyuma, anakaza miguu njia nzima, anapiga kwato ukutani, na anafika Diani amelowa jasho kabla hata ya kutandikwa. Trela ikiwa na ekseli mbili, ile ya nyuma inabeba zaidi ya haki yake na tairi zake zinapata moto. Pua ikiinama nako ni tabu, kwani kila ukikanyaga breki farasi anaangukia kifua kwenye nguzo ya mbele.

Kwa hiyo pima farasi wakiwa ndani. Simamisha trela mahali tambarare, inyanyue au ishushe kwa gurudumu lake dogo la mbele mpaka sakafu ilale sawa, kisha pima kimo cha kikombe chake, yaani kile chuma cha puani kinachofunika mpira. Halafu weka mpira kwenye tundu linalokaribia kimo hicho, ukikumbuka kwamba nyuma ya pikapu itadidimia kidogo ikishabeba. Duka nililonunua hawakuniuliza hata aina ya trela, walitaka kujua gari tu. Muuzaji asiyeuliza kuhusu trela hajakuuzia kiungo, amekuuzia chuma.

Sisi wa huku tuna feri pia. Maji ya bamvua yakipwa, njia ya kushukia Likoni inakuwa na mteremko mkali, na trela iliyofungwa chini sana inakwaruza pua au lile gurudumu la mbele pale pikapu inapoanza kupanda chomboni. Ndiyo maana bamba la matundu limenifaa sana: naweza kupandisha mpira tundu moja kabla ya kuvuka, nikaurudisha ng'ambo. Ni kazi ya spana na dakika chache. Siku hizi nikiwa na farasi mwoga napita barabara ya Dongo Kundu isiyohitaji feri, hata kama ni mzunguko. Farasi aliyesimama kwenye foleni ya feri juani, ndani ya sanduku la bati, anateseka, na sioni sababu ya kumtesa kama njia ipo.

Ukubwa wa mpira usiuchukulie kwa macho. Trela za Ulaya, na nyingi zilizoko hapa, zinataka mpira wa milimita 50. Kuna mpira wa Kimarekani wa inchi 1 na 7/8, yaani milimita 47.6, na ukiutazama mezani kwa fundi huoni tofauti. Kikombe kinaufunika na komeo linafunga vizuri tu, kisha kwenye tuta la kwanza la nguvu kinaweza kuchomoka. Soma namba iliyogongwa juu ya mpira wenyewe. Kama haina namba, usinunue.

Kuhusu uzito: trela yangu tupu ni kama kilo 900, farasi wawili wa kilo 450 kila mmoja wanafikisha 1,800, bado nyasi, maji na matandiko. Hilux za dizeli za 4x4 katika masoko mengi zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, lakini hiyo ni kwa trela yenye breki zake. Isiyo na breki ni kilo 750 tu, ambazo trela tupu ya farasi inazipita. Angalia kitabu cha gari lako, halafu angalia kibati cha kiungo na cha trela, na namba ndogo kuliko zote ndiyo unayoifuata. Uzito unaokaa juu ya mpira nao una kikomo chake. Ukiwa mwepesi mno, trela inatikisa mkia, hasa kusi ikivuma ubavuni kwenye daraja la Mtwapa. Ukimbeba farasi mmoja tu, mweke kulia. Tunaendesha kushoto na barabara imeinamia kushoto, hivyo uzito ukikaa upande wa juu trela inatulia.

Niliuziwa pia wazo la kiungo chenye vyuma vya springi vinavyogawa uzito mpaka tairi za mbele. Kwa trela nyingine ni kitu kizuri. Ila breki za trela yangu zinafanya kazi kwa pua kusukumwa nyuma gari linapopunguza mwendo, na springi hizo zinaweza kuuzuia msukumo huo. Breki za farasi sizichezei, nikakataa. Kile cha kufungwa katikati ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli, kinatulia kuliko vyote, lakini kinahitaji trela ya aina yake na kinakula nafasi yote ya mizigo.

Kasoro za hiki changu zipo. Kinagongagonga kikiwa hakina trela, bei ni zaidi ya mara mbili ya cha kuchomelewa, na rangi ya kiwandani haikustahimili chumvi yetu: kutu ilianzia kwenye matundu yenyewe. Kama utapata kilichochovywa zinki, ongeza pesa ukichukue. Mimi nakiosha kwa maji yasiyo na chumvi kila nikitoka ufukweni, napaka grisi kwenye mpira na kuufunika, na nati nazikaza upya baada ya safari ya kwanza kila ninapobadilisha tundu. Ile waya inayovuta breki ya trela ikichomoka naifunga kwenye chasi ya gari, kamwe si kwenye mpira, kwa sababu mpira ukikatika waya nayo inaondoka nao na trela inabaki bila breki, farasi wakiwa ndani.