Kijiwe cha kahawa cha nyuma ya soko, Mtwara: pa kubishania mchujo wa urais wa Marekani kwa hesabu

Mtwara mjini hakosekani mtu wa kukwambia kwamba mgombea fulani wa Marekani mwenye maneno makali "anapita" au "hapiti". Anayekosekana ni wa kukuonyesha anapitia wapi. Kwa kazi hiyo, kijiwe cha kahawa kilicho kwenye kibaraza cha maduka nyuma ya soko kuu kinavizidi vijiwe vingine vyote vya mjini, na kinavizidi mbali. Watu wanatoka Shangani na Ligula kuja kunywa hapa kahawa ambayo wangeipata mlangoni kwao, kwa sababu ya ubao mweusi uliotundikwa ukutani na mjadala unaofanyika chini yake.

Tuanze na kahawa. Ni kahawa chungu ya pwani: buni imekaangwa hadi kuwa nyeusi, imetwangwa, ikachemshwa kwenye dele juu ya mkaa pamoja na tangawizi kavu na iliki kidogo. Kikombe kidogo ni shilingi 200, kashata ya karanga shilingi 200. Dele ya kwanza ya asubuhi ndiyo ya kunywa. Kuanzia saa mbili hivi muuzaji huongeza maji juu ya machicha yaleyale, na kahawa inabaki na uchungu bila harufu. Ukimwambia mapema akuwekee dele mpya, anaweka bila ubishi. Kashata za karanga ni nzuri siku zote. Za nazi zichukue zikiwa za siku hiyohiyo tu, maana joto la Mtwara huzichachusha upesi.

Saa za kijiwe zinaendana na mchujo, yaani kura za jimbo kwa jimbo za kumpata mgombea urais wa kila chama, kuliko mtu anavyoweza kudhani. Majira ya baridi kule, New York na Washington wako nyuma yetu kwa saa nane. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, wako nyuma kwa saa saba. Vituo vingi vya majimbo ya mashariki hufungwa saa moja au saa mbili usiku kwa saa zao. Mwezi wa Februari, hapo kwetu ni saa tisa au saa kumi alfajiri. Kijiwe hufunguliwa watu wakitoka swala ya alfajiri, kwa hiyo unapopewa kikombe cha kwanza sehemu kubwa ya kura za mashariki imekwisha kuhesabiwa na redio imeshaanza kutaja washindi. Matokeo ya Jumanne unayapata Jumatano kabla jua halijachomoza vizuri. California usiisubiri hapa: vituo vyake hufungwa saa moja asubuhi ya kwetu wakati wa baridi, na kura zake huhesabiwa kwa siku nyingi.

Sasa ubao. Umegawanywa safu sita: jimbo, tarehe, idadi ya wajumbe (wale wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama), kanuni ya kuwagawa, aliyeongoza kwa kura, na wajumbe aliowapata. Juu kabisa imeandikwa idadi inayohitajika ili mtu ateuliwe. Anayeutunza ni mwalimu mstaafu, na wote wanamwita Mwalimu. Sheria yake ni moja: hakuna kutabiri jimbo lolote kabla hujasema kanuni yake ya kugawa wajumbe. Kijana akisimama na kusema mgombea wake ana asilimia 30 kwenye tafiti za maoni za nchi nzima, Mwalimu humwuliza kwa upole, "Mwanangu, asilimia hiyo jimbo hilo linailipa wajumbe wangapi?" Asiyejua hukaa chini na kusikiliza. Hii ndiyo huduma yenyewe, na vijiwe vingine vya mjini havina kitu kama hicho.

Mgeni husomeshwa kwa mfano wa chama cha Republican mwaka 2016, na mfano huo umechaguliwa vizuri. Wajumbe walikuwa 2,472, wa kushinda 1,237. Donald Trump alitangaza kugombea tarehe 16 Juni 2015, wagombea wakubwa wakafika 17, na wengi wenye uzoefu wa siasa za Marekani walisema atachoka njiani. Tarehe 1 Februari 2016, Iowa, alipata asilimia 24.3 nyuma ya Ted Cruz mwenye 27.6. Iowa inagawa kwa uwiano, hivyo kati ya wajumbe 30 Cruz alipata 8 na Trump 7. Siku 19 baadaye, South Carolina, Trump alipata asilimia 32.5. Jimbo hilo lilikuwa na wajumbe 50: wa jimbo zima 29 kwa anayeongoza jimbo, na watatu kwa anayeongoza kila wilaya ya ubunge, wilaya zikiwa saba. Aliongoza kote. Theluthi moja ya kura ikampa wajumbe wote 50.

Ukiitazama mistari hiyo miwili ikiwa imeandikwa mmoja juu ya mwingine, robo ya kura kwa wajumbe 7 kati ya 30 na theluthi ya kura kwa 50 kati ya 50, unaelewa kwa nini mabishano ya "watu wengi hawamtaki" hayakufika popote. Wengi hawakumtaka kweli. Lakini hawakumtaka wakiwa wamegawanyika kwa wagombea wenzake, Rubio, Cruz, Bush na Kasich, na kanuni ya jimbo haikuwa na safu ya wasiomtaka. Florida, tarehe 15 Machi, wajumbe 99 walikwenda wote kwa Trump mwenye asilimia 45.7. Ohio, siku hiyohiyo, John Kasich alichukua 66 zote kwa kanuni ileile. Indiana, tarehe 3 Mei, wajumbe wote 57 wakaenda kwa Trump, Cruz akajitoa usiku huo na Kasich kesho yake.

Pamoja na hayo kijiwe hakina ushabiki wa kuamini kwamba mwenye mdomo hushinda daima. Ubao huohuo una mstari wa Pat Buchanan mwaka 1996. Alishinda New Hampshire kwa asilimia 27 dhidi ya 26 za Bob Dole, kwa lugha ya kuwatetea wafanyakazi dhidi ya wakubwa na biashara huria, na bado Dole ndiye aliyeteuliwa, kwa sababu alikuwa na watu na fedha katika majimbo yaliyofuata na wapinzani wengine hawakubaki muda mrefu. Ushindi wa jimbo moja la mwanzo hununua muda. Hauleti wajumbe wa kutosha.

Upande wa chama cha Democratic unafundishwa vizuri pia, ingawa kwa haraka mno. Kule kila jimbo linagawa kwa uwiano na asiyefikisha asilimia 15 hapati kitu. Bernie Sanders alishinda New Hampshire mwaka 2016 kwa asilimia 60, akapata wajumbe 15 dhidi ya 9 wa Hillary Clinton. Ushindi mkubwa machoni, mwanya mdogo kwenye hesabu. Kanuni hiyo inamzuia mwenye theluthi ya kura asikimbie na kila kitu, na inamnyima pia aliyebaki nyuma njia ya kufidia kwa mara moja. Mwaka 2020 Sanders aliingia Machi akiwa mbele baada ya Nevada. Joe Biden akashinda South Carolina tarehe 29 Februari, Pete Buttigieg akajitoa tarehe 1 Machi, Amy Klobuchar tarehe 2, wote wakamuunga mkono Biden, na kwenye Jumanne Kuu ya tarehe 3 Machi, siku majimbo mengi yanapopiga kura kwa pamoja, Biden akachukua majimbo 10 kati ya 14. Hapa ndipo mjadala wa kijiwe hiki unapokuwa wa thamani: swali la kwanza kuhusu mgombea mwenye maneno makali ni wapinzani wake watabaki wangapi baada ya majimbo manne ya mwanzo, na watatoka lini. Mwaka 2016 walichelewa. Mwaka 2020 walitoka ndani ya siku tatu.

Kasoro ya kwanza ya mjadala ni ile inayoingizwa na sisi wenyewe wa kusini, na Mwalimu peke yake hawezi kuizuia. Mtu akishachangamka, anaupima mchujo wa Marekani kwa kipimo cha CCM ya 2015. Kwa Lindi na Mtwara mwaka ule haujasahaulika, kwa sababu Bernard Membe, mbunge wa Mtama na waziri wa mambo ya nje, alifika kwenye majina matano na kuishia hapo. Walichukua fomu watu 42. Vikao vya juu vikabakiza watano, Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Mkutano Mkuu wa Dodoma mwezi Julai ukampa John Magufuli kura 2,104 dhidi ya Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Edward Lowassa alikuwa amerudisha fomu na mamia ya maelfu ya wadhamini, wakati waliotakiwa walikuwa 450, na jina lake halikuingia hata kwenye tano. Kwa kanuni ile wingi wa watu nje ya ukumbi haukuwa na mahali pa kuandikwa.

Anayetoka na somo hilo na kulipeleka Marekani hukosea kwa njia moja: husema "wakubwa wa chama watamkata". Wakubwa wa Republican mwaka 2016 hawakuwa na kikao cha kukata jina. Walichokuwa nacho ni kanuni za majimbo zilizopangwa kabla, na kanuni hizo zikamsaidia aliyekuwa mbele. Kijiwe kingefanya vizuri kuandika mfano wa 2015 kwenye ubao uleule, safu kwa safu, ili mtu aone kwa macho kwamba swali ni lilelile, nani anahesabu na anahesabu nini, na majibu ni mawili tofauti kabisa.

Kasoro ya pili iko kwenye ubao wenyewe. Hauna safu ya kuonyesha kama mjumbe amefungwa na matokeo au yuko huru. Pennsylvania mwaka 2016 ilikuwa na wajumbe 71, na 54 kati yao walikuwa huru kumpigia wanayemtaka. Colorado haikupiga kura ya mchujo ya kawaida. Wajumbe walichaguliwa kwenye mikutano ya chama mwezi Aprili, na Cruz, aliyekuwa na watu wake ukumbini, akachukua wote 34 waliochaguliwa huku Trump akilalamika. Safu ya saba ingeyabeba yote haya. Kuna nafasi ya safu ya nane pia: masharti ya kuingia kwenye karatasi ya kura. Virginia mwaka 2012 ilitaka saini 10,000, zikiwemo 400 kutoka kila wilaya ya ubunge. Newt Gingrich na Rick Santorum hawakutimiza, na wapiga kura wa jimbo lile wakakuta majina mawili tu, Mitt Romney na Ron Paul. Mgombea anayetegemea mikutano mikubwa na televisheni hukwama mahali kama hapo, kwenye makaratasi, mapema, bila mtu kugundua hadi siku ya mwisho ipite. Sasa majina ya 2028 yameanza kubishaniwa, safu hizi mbili zinahitajika kuliko redio mpya wanayoichangia.

Upande wa starehe, mabenchi ni matatu na yanatosha watu kumi na wawili wakibanana. La nje halina paa juu yake, na mchujo huanguka katikati ya mvua: Februari hadi Aprili benchi hilo huwa halikaliki asubuhi nyingi. Heri moja ni kwamba msimu wa korosho huwa umekwisha. Kati ya Oktoba na Januari usije kwa ajili ya siasa za Marekani, maana minada na bei ya kilo humeza kila kitu, kama inavyostahili. Wacheza drafti hukaa upande wa kulia na kelele zao hufunika redio; kaa kushoto, karibu na jiko.

Jambo linaloniudhi hasa ni kwamba wanawake hawana pa kukaa. Mama lishe wa jirani anayeuza mihogo na ming'oko anaujua ubao ule vizuri kuliko nusu ya wanaume waliokaa mbele yake, na huwarekebisha tarehe akiwa amesimama mlangoni kwake. Benchi la nne, upande wake, lingegharimu mbao mbili na misumari. Wenye kijiwe wameambiwa, walifanyie kazi.

Ukienda, fika kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu, maana baada ya hapo mikokoteni ya soko huanza kupita na mjadala hukatika vipande. Waamkie wazee wote kwa mzunguko kabla ya kukaa. Njoo na noti ndogo, chenji hakuna. Klipu za simu usizitoe kabla ya kuulizwa: sekunde thelathini za mgombea akitukana wenzake hapa hazihesabiki kama hoja, na utarudishiwa swali la kanuni. Na kama una jimbo unalolifahamu vizuri, njoo na kanuni yake kwenye karatasi, imeandikwa kwa herufi kubwa. Mwalimu ataisoma kwa sauti, ataihoji, na ikisimama ataiandika ubaoni, na kikombe cha asubuhi hiyo hutalipia.